Jinsi ya kuchagua gari la mtumba la kwenda kazini ukiwa unakaa mbali na Kampala

Kodi ya nyumba Kampala imepanda, kwa hiyo watu wanahamia Lugazi, Mpigi, Mityana, Wobulenzi, wengine wanabaki Jinja kabisa, halafu alfajiri wanaingia barabarani kuelekea mjini. Ukishachoka kukaa kwenye taksi (matatu) ukisubiri ijae, wazo la kununua gari linakuja lenyewe. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: pesa yake ni ya kuhesabu, gari ataliendesha kila siku ya kazi, na hana uwezo wa kulala macho akifikiria gereji. Anayetaka gari la kupigia picha kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) siku ya Jumamosi ana mahitaji mengine, na huyo simzungumzii.

Hatua ya 1: Anza na mafuta, gari baadaye

Watu wengi huanza na bei ya gari. Kwa safari ndefu hapo si pa kuanzia. Chukua kalamu.

Lugazi hadi katikati ya Kampala ni kama kilomita 45. Kwenda na kurudi ni 90. Ukifanya kazi siku 22 kwa mwezi, unapata kilomita 1,980. Tuchukulie lita moja ya petroli ni shilingi 5,000, ili hesabu isitusumbue. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litakunywa kama lita 141, yaani shilingi 705,000 hivi kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 247 na zaidi, karibu shilingi 1,240,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi nusu milioni kila mwezi, na kwa mwaka inapita milioni sita.

Sasa tuseme magari hayo mawili ndiyo unayoyalinganisha. Ile Toyota Harrier kuukuu uliyoambiwa ni ya bei poa, nafuu ya milioni tatu kuliko Toyota Premio, itakuwa imeshaimeza nafuu hiyo kabla ya mwezi wa saba. Hapo bado hujanunua tairi zake, ambazo ni kubwa na ghali zaidi.

Ongeza na haya: kilomita 1,980 kwa mwezi ni karibu 24,000 kwa mwaka. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000, utakuwa gereji kwa ajili hiyo tu kila baada ya miezi miwili na nusu. Pedi za breki, tairi, plagi, vyote vitaisha haraka kuliko vya mtu anayeendesha kutoka Ntinda, kitongoji cha Kampala, hadi mjini. Kama unatoka upande wa Entebbe na unapenda barabara ya haraka, weka na ada yake: gari dogo linalipa shilingi 5,000 kwa kupita, na asubuhi na jioni ni mara mbili.

Ukiona jumla ya mafuta, sevisi na ada inakula zaidi ya theluthi ya mshahara, maoni yangu ni kwamba gari lisubiri, au utafute wafanyakazi wenzako wawili wa njia moja mchangie mafuta. Hilo la pili watu hulidharau, lakini ndilo linalofanya magari mengi ya barabara ya Jinja yaendelee kutembea.

Hatua ya 2: Itazame barabara yako

Gari la kwenda Jinja Road lina maisha mawili kwa siku moja. Kuanzia Lugazi hadi Mukono linakimbia, linapishana na malori yanayotoka mpakani Malaba na Busia, linahitaji nguvu ya kutosha kulipita lori mlimani bila kukutoa jasho. Kuanzia Bweyogerere, Kireka, Banda hadi Nakawa linasimama, linasogea hatua mbili, linasimama tena, na injini inachemka. Gari linaloweza moja na kushindwa jingine halikufai.

Kwa sababu hiyo simshauri mtu wa Lugazi kuchukua gari la injini ya sisi (cc) 1,000 kama Passo, ingawa linakunywa kidogo. Mjini ni zuri sana. Kwenye barabara kuu, likiwa na watu wanne na lori la saruji nyuma, utajuta. Sisi 1,300 hadi 1,500 ndiyo saizi yangu kwa bajeti ndogo, 1,800 kama mnakuwa watu watano kila siku.

Halafu kuna ile kilomita moja au mbili kutoka lami hadi nyumbani kwako. Kama ni murramu yenye mabonde na inakuwa utelezi wakati wa mvua, angalia gari lisiwe chini sana. Lakini usinunue gari linalovuta kwa magurudumu yote manne (4x4) kwa ajili ya kilomita mbili za tope huku 43 zilizobaki ni lami. Tafuta pa kuliegesha kando ya barabara wiki ile mbaya ya mvua, utembee.

Hatua ya 3: Chagua injini ambayo fundi wa mtaani kwako anaijua

Toyota hazipendwi Uganda kwa ajili ya urembo. Zinapendwa kwa sababu ukikwama Namawojjolo saa mbili usiku, fundi atakayekuja ameshaifungua injini hiyo mara nyingi, na spea yake ipo soko la Kisekka mjini Kampala, mpya na ya mtumba. Kwa mtu wa safari ndefu hilo lina uzito kuliko viti vya ngozi.

Ninazoziamini kwa bajeti ya kawaida ni Premio na Allion za sisi 1,500, pamoja na Corolla Axio na Fielder za 1,500. Nyingi za familia hiyo zina injini ya 1NZ-FE: inatumia cheni ya taimingi (inayofanya vali zifunguke kwa wakati wake) badala ya mkanda, haina makuu, na mafundi wanaijua vizuri. Fielder ina buti kubwa, kwa hiyo mwenye shamba au duka apendelee hiyo. Mwenye kubeba watu aangalie Wish ya 1,800.

Sasa zile za kuangalia kwa jicho kali. Injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzoni, iliyokuwa kwenye Premio na Allion za 1,800 za kizazi cha kwanza, inajulikana kwa kula oili. Usilikatae gari kwa jina tu, lakini pima oili kabla na baada ya kulijaribu. Zenye maandishi ya D-4 nyuma au kwenye kifuniko cha injini hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na hazivumilii mafuta machafu. Subaru ni tamu barabarani, sikatai, ila nyingi za zamani zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kwa wakati, na mkanda ukikatika injini inaharibika vibaya. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Akijibu "bado uko vizuri", hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, na gharama hiyo uiondoe kwenye bei.

Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) iko kwenye Nissan nyingi na kwenye Toyota za karibuni pia. Inasaidia kuokoa mafuta, lakini inataka oili yake yenyewe. Kuna mafundi wanaojaza oili ya gia ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, na giaboksi inakufa polepole. Ukiendesha ukasikia inalia kama nyuki au gari linashtukashtuka unapoanza kuondoka, achana nalo.

Na hybridi, zinazotumia petroli na umeme, kama Prius na Aqua? Zinaokoa mafuta zaidi kwenye jamu kuliko kwenye barabara ya wazi. Kama karibu na kwako hakuna fundi anayeweza kupima betri kubwa ya hybridi, usiwe wa kwanza kumfundisha kazi kwa gari lako.

Hatua ya 4: Bondi au mtu binafsi?

Gari la bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje), la Nakawa au Bweyogerere, limetoka Japani kupitia Mombasa na halijapigwa na barabara zetu. Shoki na bushi bado nzima. Bei yake iko juu kwa sababu ya kodi, na magari yenye umri mkubwa hubeba pia tozo ya mazingira. Tangu sheria ya mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini. Yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutumika. Ndiyo maana gari la miaka ya 2000 utalipata kwa mtu binafsi tu, likiwa na namba ya zamani.

Namba nayo inazungumza. Herufi zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Uganda, si lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2006 lenye namba inayoanza na UBA au za baada yake limekaa kwetu muda mfupi kuliko ndugu yake wa mwaka huohuo mwenye namba ya UA ya zamani.

Mimi, kwa pesa kidogo, ningemfuata mtu binafsi ninayeweza kujua anakaa wapi na anafanya kazi wapi, mwenye risiti za sevisi, kabla ya kwenda kwa dalali wa kando ya barabara. Dalali atakwambia, "Boss, hili lilikuwa la mama mmoja daktari, alikuwa analipeleka kanisani tu." Ukiyaamini maneno yao yote, basi nchi hii ina madaktari wanawake wengi kuliko hospitali.

Walio Busia na Malaba wajihadhari na jambo moja zaidi. Gari lenye namba ya Kenya linaweza kuonekana rahisi mno. Ukilileta Uganda kuwa lako unatakiwa kulipia ushuru na kulisajili upya, na baada ya hapo urahisi wote umekwisha. Likikamatwa bila karatasi, pesa yako imekwenda.

Hatua ya 5: Siku ya kulikagua

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda. Nenda asubuhi mapema, jua likiwa limetoka, na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini mbovu huficha mengi ikishapata joto.

Chukua fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji wala wa bondi, na umlipe ada yake uinunue gari au usiinunue. Fundi anayesubiri kitu kidogo kutoka kwa dalali hawezi kukwambia "tuondoke".

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili. Fungua rejeta, ikiwa imepoa. Maji ya rangi ya kutu yana maana gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini). Hapo uliza pia habari ya themosteti, kifaa kinachorekebisha joto la injini. Mafundi wetu wana tabia ya kuitoa ili gari "lisichemke", na ikishatolewa injini haifiki joto lake, mafuta yanaliwa zaidi, wakati chanzo cha kuchemka kipo palepale.

Sasa washa swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya injini na ya eabegi zinatakiwa ziwake, kisha ziwe zimezima injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka na kubaki, maana pengine mtu ameing'oa ili usiione. Halafu washa injini na mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida. Mvuke huo ukiendelea gari likiwa limepata moto, ni maji ya rejeta yanayoungua.

Kilomita za kwenye dashibodi usizichukue kama Biblia wala Kurani. Tafuta ushahidi mwingine. Pedali ya breki iliyolika hadi chuma, usukani uliong'aa kwa jasho la mikono na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na kilomita 70,000. Kwa gari la Japani, fungua mlango wa dereva na utazame ubavuni, au chini ya boneti, mara nyingi utakuta stika ndogo ya kubadilishia oili yenye tarehe na kilomita. Huwezi kusoma Kijapani, lakini namba unaweza. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu yao ya Heisei, ongeza 1988: 25 inakuwa 2013. Ukiwa wa Reiwa, ongeza 2018: 2 inakuwa 2020. Sasa fikiria stika ya mwaka 2013 inasema 96,000, na dashibodi leo inasema 81,000. Ipige picha, umwonyeshe muuzaji, na usigombane naye. Ondoka tu.

Kwa gari la bondi omba karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika. Ukiona R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. Linaweza kuwa zima, lakini bei yake lazima ijue hilo.

Bodi ikague kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna pati (lipu ya kuzibia mabonde) badala ya bati. Tazama boliti zinazoshika boneti na mafenda: rangi iliyochubuka kwenye vichwa vyake inaonyesha spana imepita. Vioo vyote vinatakiwa viwe na alama ya kampuni moja. Kimoja kikiwa tofauti, uliza kilivunjikaje. Inua zulia la chini na unuse. Harufu ya uvundo, na kutu kwenye reli za viti, ni dalili ya gari lililoingia maji.

Tairi zina tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye gridi (meno) nzuri lakini ya miaka minane ni ya kutoa, hasa kama utakimbia nayo kwenye lami ya saa nane mchana.

Mwisho wa ukaguzi ni kuliendesha, na usikubali mzunguko wa kuzunguka jengo. Omba saa nzima. Lipandishe kilima, lipeleke barabara ya wazi hadi kilomita 80 kwa saa uachie usukani kidogo tu uone kama linavuta upande, funga breki mahali salama, kisha liingize kwenye jamu na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Hapo kwenye jamu ndipo feni mbovu na rejeta iliyoziba hujitokeza. Pinda hadi mwisho kila upande, polepole, na usikilize kama mbele kunagonga tak-tak-tak: hizo ni sivi jointi (viungo vya ekseli za mbele) zilizochoka. Ukirudi, pima oili tena.

Hatua ya 6: Karatasi kabla ya pesa

Usilipe kwa fotokopi ya logibuku (kitabu cha umiliki wa gari). Itazame yenyewe, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye gari, herufi kwa herufi. Kisha fanya mambo matatu. Polisi kitengo cha Interpol watakusaidia kujua kama gari linatafutwa. URSB, ofisi ya serikali ya usajili, wana rejesta ya mali zinazohamishika zilizowekwa rehani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2019. Huko utajua kama gari limeshikiliwa na mkopo. Na uangalie kama lina faini za polisi ambazo hazijalipwa, maana zitakuja kukufuata wewe.

Mkataba uandikwe kwa wakili, muuzaji aje na kitambulisho cha taifa, na mashahidi wasaini. Pesa ipite benki. Uhamisho wa umiliki unahitaji TIN (namba ya mlipakodi) ya kila mmoja wenu; fanyeni siku hizohizo. Tabia ya kutembea na gari lenye jina la mmiliki wa kwanza, ingawa wewe ni wa tatu sasa, ni ya kawaida Kampala, lakini huyo wa kwanza akifariki au akiwa na madeni utaomba jina lako kwa watoto wake.

Ukinunua kwa awamu kwenye bondi, logibuku itabaki kwao hadi umalize. Soma kipengele kinachoeleza ukichelewa mwezi mmoja inakuwaje. Ukikuta wanachukua gari na malipo yote yaliyotangulia, jadilianeni kabla ya kusaini.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Bakiza pesa. Kama una milioni 20, tafuta gari la milioni 17 au 18. Badilisha oili ya injini, filta zote, kulanti, na maji ya breki hata kama umeambiwa vilibadilishwa juzi. Kagua pedi na bushi za mbele. Hakikisha jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, na tairi ya akiba ina upepo. Kwenye msitu wa Mabira usiku hakuna wa kuazima.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na stika yake ibandikwe. Ukiweza bima kubwa (inayolipia na gari lako mwenyewe), chukua, kwa sababu kilomita 90 kwa siku katikati ya malori si mchezo. Redio ya Kijapani haitashika stesheni nyingi za FM za kwetu, kwa kuwa masafa yao yanaanzia 76 na mengi huishia 90. Fundi wa umeme atakuwekea kifaa cha kubadilisha kwa pesa kidogo, au badilisha redio. Na kabla hujaliegesha mjini hata siku moja, peleka gari kwa wale vijana wa kuchonga vioo, namba yako ichongwe kwenye vioo vya pembeni, kwenye madirisha na kwenye taa. Kioo kilichochongwa hakina soko, na mwizi analijua hilo.